Benchi la Nje ya Saiba

Daftari ni la kurasa 96, jalada la bluu lililochakaa pembe, na nyuma yake kuna lile jedwali la kuzidisha ambalo kila aliyesoma shule ya msingi Kenya analikumbuka. Ndani, mjomba alipiga mistari kwa rula akapata safu tatu: mahindi, viazi, Bitcoin. Kila Jumamosi alishuka kwa matatu kutoka Njoro, akapitia Soko la Wakulima kuuliza bei ya gunia, kisha akaja kwenye saiba niliyokuwa nikiisimamia nyuma ya Kenyatta Avenue, akasimama mlangoni akikung'uta viatu lile vumbi letu jepesi kama majivu, na kuniuliza, "Na ile ya hewani leo imefika ngapi?" Nilimtajia, akaandika. Hakuwahi kununua hata chembe.

Alifariki 2019. Mkewe ndiye aliyenikabidhi daftari.

Waliokuwa Nakuru mwaka 2013 watakumbuka saiba zilivyokuwa: kompyuta zenye mgongo mrefu, harufu ya plastiki iliyopata moto, feni inayolalamika juu ya vichwa, karatasi ukutani yenye maandishi ya mkono "shilingi moja kwa dakika", na vijana wa Egerton waliobanana wawili kwa kiti kimoja wakiandika kazi za watu wa ng'ambo ili walipwe dola. Nje, chini ya mabati yaliyotokeza, kulikuwa na benchi refu la mbao ambalo sikumbuki nani alilileta. Stima ilipopotea, na ilipotea mara nyingi, wote tulitoka tukakaa pale. Mama wa kibanda cha M-Pesa cha pembeni naye alivuta kigoda akasogea. Chai ya maziwa ililetwa na hoteli ya ng'ambo ya barabara, kwenye chupa yenye maua mekundu. Mijadala ya Bitcoin ilizaliwa hapo, gizani, kompyuta zikiwa zimezima.

Bitcoin iliingia kwa mlango wa kazi. Mmoja wa vijana wale alipata mteja aliyesema hana njia nyingine ya kumlipa ila hiyo, naye akaja kutuuliza kama akubali au akatae. Hakuna aliyejua. Mwisho wa Novemba mwaka huo bei ikapita dola 1,000 kwa sarafu moja, karibu laki moja za Kenya kwa wakati ule, na benchi likawaka moto.

Vijana walikuwa na hoja, na hazikuwa za kitoto. Walituambia kwamba sarafu hizo hazitazidi milioni 21 daima, kwa hiyo hakuna serikali itakayozichapisha hadi zikose maana. Walieleza kwamba kila malipo yanaandikwa kwenye daftari moja ambalo nakala yake iko kwenye maelfu ya kompyuta duniani, na atakayetaka kufuta mstari mmoja atalazimika kuwashinda wote. Walisema ndugu aliye London akikutumia hela, hatalazimika kumwachia wakala wa kutuma pesa sehemu ya jasho lake. Kampuni ya BitPesa, iliyoanzishwa Nairobi mwaka huohuo, ilikuwa ikijaribu biashara hiyohiyo. Wakamalizia na hoja waliyojua itatunyamazisha: "Hata M-Pesa mliikataa."

Ilikuwa kweli. Ilipozinduliwa Machi 2007 wazee wengi waliiona kama mchezo wa simu. Kisha ikaja Januari 2008 na ghasia za baada ya uchaguzi, mji ukachomwa, barabara zikafungwa, watu wakajaa uwanja wa maonyesho wakiwa na nguo za mwilini tu, na waliokuwa na jamaa mbali walisaidiwa kwa salio la simu na kwa ile pesa ya kwenye simu. Baada ya hapo sikusikia tena mtu akiicheka. Kwa hiyo vijana waliposema tumewahi kukosea, walikuwa wanagusa jambo ambalo kila mmoja wetu alikuwa na kumbukumbu yake.

Ni mama wa M-Pesa aliyewajibu. Alichukua daftari lake la kazi, lile ambalo kila mteja aliandika namba ya kitambulisho na kuweka sahihi, akalifungua magotini. "Wanangu, hii hapa ni floti yangu. Mtu akija na simu yake akitaka noti, nampa noti, akishindwa kunipata mimi anavuka barabara anampata mwenzangu. Hiyo yenu, mtu akitaka kutoka, anatokea wapi?" Nilimwona yule kijana aliyekuwa na mteja akifikiria kwa muda mrefu. Swali hilo limenikaa hadi leo kuliko mengi niliyosoma baadaye.

Mjomba yeye alikuwa na lake. Alilima pareto Molo miaka ambayo Kenya ilikuwa ikiongoza dunia kwa zao hilo, ua dogo jeupe ambalo viwanda vya dawa za wadudu vya ng'ambo vililitegemea. Alikumbuka mikono ya mama yake ikinuka pareto hadi usiku, na maua yaliyoanikwa kwenye mikeka yakikauka hadi yakalia kama karatasi. Kisha malipo yakaanza kuchelewa, miezi ikawa miaka, wakulima wakang'oa wakapanda viazi. Stakabadhi zake alizihifadhi kwenye sanduku la bati. Kijana akimwambia Bitcoin ni adimu, alijibu pole pole, bila kugomba: "Pareto nayo ilikuwa adimu, kijana wangu. Uadimu haukulipi. Anayekulipa ni mtu. Mimi nataka kujua, siku nikimdai, nitamkuta wapi?"

Vijana walisema hapo ndipo penye uzuri wake, kwamba hakuna wa kumdai kwa sababu hakuna wa kukudhulumu. Yeye alitikisa kichwa. Aliuliza pia, kwa dhati kabisa, wanaposema inachimbwa, inachimbwa wapi, maana sisi watu wa Bonde la Ufa tunaona visima vya mvuke vya Olkaria na Menengai na tunajua kuchimba ni nini. Ikabidi aelezwe kwamba ni kompyuta zinazokula stima usiku na mchana zikishindana kutegua fumbo, na inayotangulia ndiyo inayopewa haki ya kuandika ukurasa unaofuata pamoja na sarafu mpya. "Kwa hiyo ni stima iliyogeuzwa pesa," akasema. Sijapata kusikia maelezo mafupi kuliko hayo.

Tusisahau ni majira gani. Majeraha ya DECI na upatu mwingine wa 2006 na 2007 hayakuwa yamepona. Jopo la serikali lilikuwa limeripoti mwaka 2009 kwamba watu zaidi ya 148,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Na wakati huohuo tuliokuwa tukibishana juu ya Bitcoin, nusu ya mtaa ilikuwa ikifuga kware. Yai la kware liliuzwa kwa bei ya ajabu hadi ikaonekana kwamba wanunuzi wakubwa walikuwa ni watu wengine wanaotaka kuanza kufuga kware. Basi kila mtu alikuja benchini na kovu lake, na kila kovu lilikuwa na swali.

Biashara yenyewe niliishuhudia kwa karibu. Kijana alifungua tovuti ya LocalBitcoins, akamtafuta mnunuzi anayelipa kwa M-Pesa, tovuti ikazishika sarafu katikati, na sote tukaikodolea macho ile simu ndogo ya vibonye iliyolala kwenye meza kando ya kibodi. Ikatetemeka. Akasoma ujumbe, akaangalia salio, akasoma ujumbe tena, ndipo akabonyeza kuziachia. Alikuwa na sababu ya kuhakiki: wapo waliotumiwa ujumbe wa kughushi, na wapo waliolipwa kweli, wakaachia sarafu, kisha mnunuzi akapiga simu kudai alikosea namba ili arudishiwe. M-Pesa ingeweza kurudi nyuma. Bitcoin haikurudi. Katikati ya njia hizo mbili wezi walipata pa kukaa.

Februari 2014 soko la Mt. Gox la Japani lilianguka na sarafu karibu 850,000 zikatangazwa kupotea. Mapema 2015 daftari la mjomba linaonyesha bei chini ya dola 200. Mwisho wa mwaka huo Safaricom iliikatia BitPesa njia ya M-Pesa, Mahakama Kuu ikakataa kuilazimisha iirudishe, na Benki Kuu ikatoa tangazo la Desemba 2015 kuonya kwamba Bitcoin si fedha halali na hakuna ulinzi kwa atakayepata hasara. Gazeti lenye tangazo hilo lilisomwa benchini kwa sauti, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Walioshinda hoja siku hiyo hawakushangilia. Kati yetu walikuwapo waliokuwa na sarafu mfukoni.

Halafu Desemba 2017. Karibu dola 20,000. Kwenye daftari mwandiko wa mjomba ni uleule mtulivu, namba zimepangwa kama za viazi. Kijana yule wa kwanza, ambaye hatimaye alimkubali mteja wake, aliuza kiasi akanunua ploti, na nyumba aliyoijenga naiona kila nikipita. Mwenzake alikopa sacco akanunua wiki ileile bei ilipokuwa kileleni. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 4,000. Nawajua wote wawili, na siwezi kusema kwamba mmoja alikuwa na akili kuliko mwenzake.

Saiba haipo tena. Pale sasa panauzwa vioo vya simu na chaja. Benchi sijui lilikwenda wapi. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021.

Bitcoin nayo ina sheria. Tangu Septemba 2023 serikali ilitoza asilimia 3 kwa kila mauzo au uhamisho wa mali za kidijitali, kodi iliyofutwa mwaka 2025 na badala yake ukawekwa ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za watoa huduma. Oktoba 2025 Rais alitia sahihi sheria ya watoa huduma za mali pepe, na usimamizi ukakabidhiwa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Ninaifurahia sheria hiyo. Swali la mjomba, nitamkuta wapi, kwa mara ya kwanza limeandikiwa jibu: atakayefanya biashara hii lazima awe na leseni, na leseni ina mtoaji. Vijana wanaofanya kazi za mtandaoni leo wanalipwa kwa sarafu zilizofungwa kwenye thamani ya dola, na jioni ileile wanakuwa na shilingi kwenye simu. Mwaka 2022 KenGen ilisema iko tayari kuwauzia wachimbaji wa Bitcoin umeme wa Olkaria, hapa hapa kaunti yetu. Stima iliyogeuzwa pesa. Ningetamani angekuwepo alisikie hilo.

Lakini ule ubishi umekwisha. Kila mtu ana skrini yake, na anaamua peke yake, kitandani, saa tano usiku. Katikati ya 2023 maelfu walipanga foleni Nairobi wapigwe picha za mboni za macho na Worldcoin kwa sarafu zilizokuwa na thamani ya kama shilingi 7,000, hadi serikali ikasimamisha. Nilitazama foleni ile kwenye televisheni. Watu wamesimama bega kwa bega na hakuna aliyekuwa akimgeukia mwenzake.

Mwekahazina wa chama kimoja cha akina mama mtaani kwetu aliweka akiba ya wenzake kwenye programu ya simu iliyoahidi faida kila siku. Wiki mbili ilimlipa. Ya tatu ikafungwa, na kundi la WhatsApp likafutwa pamoja nayo. Alikaa miezi minne bila kumwambia mtu, akijaza kidogo kidogo kwa hela za mboga. Aliponiambia alikuwa akinong'ona, ingawa tulikuwa wawili tu. Nikamkumbuka mama wa M-Pesa na daftari lake magotini. Angemuuliza swali moja kabla hajatuma shilingi.

Wiki iliyopita kijana wa boda boda anayenibeba asubuhi alisimamisha pikipiki langoni, akavua kofia ya chuma, akanionyesha simu. Programu nyingine. Rangi nyingine, picha ya magari.

"Mzee, hii ni ya ukweli?"

Nilimwambia azime injini. Nikatoa viti viwili nje, nikaliweka daftari la bluu juu ya goti langu, nikamwomba anisomee kwa sauti mahali palipoandikwa ni nani atakayemlipa na ofisi yake iko wapi. Alisukuma ukurasa kwa kidole gumba hadi mwisho. Akarudi juu. Jirani aliyekuwa akipita na ndoo ya maji akasimama, akaitua chini, akauliza tunatafuta nini.