Sikio la Fundi

Baba yangu ni fundi wa magari, Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Miaka yote amepima injini kwa sikio: "Washa, nisikie."

Juzi alikuja kwangu kwa boda ya umeme. Haikunguruma. Haina plagi, pistoni wala oili ya kumwaga. Betri ikiisha, unabadilishiwa nyingine, safari inaendelea. Nikajitia mjuaji, nikamweleza kwamba umeme wetu mwingi hutokana na mvuke wa ardhini, ule ulioanza kuvunwa Olkaria mwaka 1981.

Akanyamaza. "Sasa mimi nitasikiliza nini?"

Sikuwa na jibu.

Wakati wa kurudi, alimwomba mwenye boda azungushe gurudumu la nyuma. Akainama, akafumba macho.

"Beringi yako inalia, kijana."