Ndovu Ahmed au garimoshi la babu?

Ukifika Nairobi ukiwa na mchana mmoja tu, na mtoto anakuvuta mkono huku na huku, usijaribu kuona kila kitu. Chagua. Wakati wa likizo ya Agosti tulitoka Voi watatu: mimi, baba yangu, na binti yangu wa miaka 9. Kesho yake asubuhi tulipaswa kurudi, na pesa za kiingilio zilitosha mahali pamoja tu.

Mtoto alikuwa amekwisha kuchagua. Shuleni aliambiwa habari za Ahmed, yule ndovu wa Marsabit mwenye pembe za ajabu, ambaye mwaka 1970 Mzee Jomo Kenyatta alitoa amri alindwe. Ahmed alikufa mwaka 1974, lakini sanamu yake, ya ukubwa ule ule aliokuwa nao, imesimama katika Makavazi ya Kitaifa, pale Museum Hill.

Nami nilimuunga mkono binti yangu. Makavazi hayo, yaliyofunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Gavana Coryndon na kufunguliwa upya mwaka 2008 baada ya ukarabati mkubwa, ni bahari. Mna ndege waliokaushwa zaidi ya 900, picha za watu wa makabila yetu alizochora Joy Adamson, na bustani ya nyoka. Zaidi ya yote kuna habari za Mvulana wa Turkana, ambaye kipande chake cha kwanza, kifupa kidogo tu cha fuvu, kiliokotwa na Kamoya Kimeu huko Nariokotome mwaka 1984. Mifupa hiyo ina umri wa miaka takriban milioni 1.5! Kwa familia inayokuja jijini mara ya kwanza ningesema nendeni huko, basi.

Mzee hakusema neno. Tulibadilisha treni Syokimau, na tuliposhuka kwenye stesheni ya zamani ya jiji, alisimama akitazama ng'ambo ya reli. Enzi za mvuke alikuwa msaidizi wa dereva wa garimoshi.

"Hapo nyuma ndipo walipoyaweka," alisema. Hakuomba.

Ndivyo tulivyoingia Makavazi ya Reli, mwendo wa dakika chache kutoka stesheni. Yalianzishwa mwaka 1971 na, niseme kweli, hayana umaridadi. Kuna ukumbi wenye vyombo vya kale, kisha uwanja ambamo magarimoshi yanapigwa na jua na mvua. Humo mna kiti kilichofungwa mbele ya garimoshi ili wageni watazame wanyama. Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alisafiri hivyo mwaka 1909. Lipo pia behewa ambalo simba alimtoa afisa wa polisi, Charles Ryall, huko Kima mwaka 1900. Alikuja kumwinda simba huyo, akamvizia usiku ndani ya behewa, usingizi ukamchukua. Binti yangu alilitazama dirisha, akasogea karibu na babu yake.

Lakini tulikaa zaidi chini ya garimoshi nambari 5918, Mount Gelai. Ya aina hiyo yalikuwa 34, yaliyoundwa Manchester miaka ya 1955 na 1956, kila moja likiwa na uzani wa tani 250 hivi. Katika reli zenye upana wa mita moja, hakuna garimoshi la mvuke lililoyapita kwa nguvu popote duniani. Mzee aliweka kiganja juu ya chuma.

"Hili halikula makaa, mjukuu wangu. Lilikula mafuta mazito. Na joto lake, we!"

"Babu, ndilo lililokuunguza hapa?" mtoto aliuliza, akimshika mkono.

"Ndugu yake. Tukipanda kutoka Mtito Andei, usiku."

Kovu hilo nimeliona tangu utotoni. Miaka yote nilidhani ni la moto wa jikoni, wala sikuwahi kuuliza. Saa nzima nilisimama nyuma yao nikisikiliza mambo ambayo mimi, mwanawe, sikuyajua.

Ahmed tumemweka Desemba. Asubuhi yake, ndani ya treni mpya ya kurudi Voi, binti yangu aliketi upande wa babu yake.