Mizani Tisa

Mpwa wangu Sikujua anaishi Orlando, katika jimbo la Florida, Marekani, na kwa miaka miwili sasa anauza vikapu na vinyago katika mji wa Kiafrika usiokuwapo Afrika. Mji huo unaitwa Harambe, nao umo ndani ya bustani ya Disney iitwayo Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998. Wapenzi wa lugha mtakuwa mmekwisha kugutuka: kuna herufi imedondoka. Sisi husema harambee, silabi nne. Wao wana tatu. Nilipomuuliza Sikujua habari ya herufi hiyo, alicheka. "Si wewe mjomba uliyetufundisha kwamba hiyo huitwa inkisari?"

Aliipenda bustani ile kabla hajaiona. Mkanda wa filamu ya The Lion King, iliyotoka mwaka 1994, ulipofika mtaani kwetu, yeye alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Aliutazama kwa jirani hata mkanda ukaanza kukwaruza, akawa anatembea kifua mbele kwa sababu wanyama wale walikuwa na majina yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa. Alipoolewa na kuhamia Florida, kazi ya kwanza aliyoiomba ilikuwa hiyo.

Jumapili moja mwezi uliopita alinipigia simu. Shikamoo mjomba, marahaba mama, watoto hawajambo. Kisha akaniambia kwamba siku yake ya mapumziko aliwapeleka wanawe bustanini kama mgeni mwingine yeyote. Wao walitembea midomo wazi. Yeye alijikuta akitafuta milango ya wafanyakazi. Anajua kwamba nyufa za kuta zile zilibuniwa na mafundi, na kwamba barabara ya vumbi ni zege lililotiwa rangi na kugandamizwa alama za magurudumu. Anajua kwamba mibuyu mikubwa mbugani haikuota, ilijengwa, na kwamba Mti wa Uhai, wenye urefu wa futi 145, umebebwa na kiunzi cha aina ile inayobeba mitambo ya kuchimbia mafuta baharini. Mfanyakazi wa Disney, hata muuza vikapu, huitwa mwigizaji. Anapopita mgeni ni jukwaani, na kwingineko kote ni nyuma ya jukwaa.

"Mjomba, nikishaingia nyuma ya jukwaa sirudi tena mbele na macho yale yale," alisema. Halafu akaniuliza: "Na wewe? Miaka yote ile ya kusahihisha mashairi, yalibaki na utamu wowote?"

Nilitaka kumjibu upesi kwamba yalibaki, kama ilivyo desturi yetu walimu. Nikanyamaza kwanza. Nilikuwa nikiwaza kwamba waliobuni Harambe waliiga Lamu, mji wa washairi, na kwamba pengine yupo kule mtoto anayezishangaa kuta zile kama nilivyoyashangaa mimi mashairi, bila kuona mkono wa fundi.

Maana mimi nilikua nikisikiliza mashairi yakighanwa redioni. Redio ya baba ilikaa juu ya kabati, sisi watoto tulikaa mkekani. Sikuwa na habari ya vina wala mizani; nilidhani maneno huja yenyewe yakiwa yamekwisha kupangika hivyo. Kibwagizo kiliporudi mwisho wa kila ubeti, dada yangu, mama yake Sikujua, alikitamka pamoja na mghani, wala hakuwa akikosea.

Mwaka 1982, katika chuo cha ualimu, mkufunzi wetu aliandika ubeti ubaoni akazitenga silabi zake kwa chaki, moja moja. Nane za ukwapi, nane za utao. Mezani pake palikuwa na Sheria za Kutunga Mashairi cha Amri Abedi, kitabu cha mwaka 1954. Nilirudi nyumbani likizo, redio ikawashwa, na vidole vyangu vikaanza kuhesabu gizani. Dada akaniuliza ninahesabu nini. Nikamweleza yote, ukwapi, utao na kina cha kati. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi nyamaza, mimi nasikiliza shairi."

Nilifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka 34. Iko diwani moja, sitaitaja kwa kuwa mtunzi wake hana kosa, niliyoisomesha miaka 11 mfululizo. Leo nikiifungua sioni mashairi. Naona bainisha, fafanua, toa mifano mitatu. Sitawadanganya, malenga wenzangu: diwani ile imenifia mkononi. Lakini sidhani kwamba sheria ndizo zilizoiua. Iliuliwa na marundo ya karatasi, jibu moja limeandikwa mara 140, na mimi nikitafuta usiku wa manane mahali pa kutia vema. Na ndugu zetu wa mashairi huru wasishangilie. Tangu Kezilahabi atoe Kichomi mwaka 1974, wapo wanaotuambia kwamba vina na mizani ni pingu. Nami nimesahihisha majibu kuhusu shairi lisilo na pingu hata nalo likakauka vilevile.

Hayo nilimwambia Sikujua. Kisha nikamwambia jambo ambalo nilikuwa sijamwambia mtu.

Mama yake alifariki miaka mitatu iliyopita. Sikujua hakuweza kusafiri. Siku ya arobaini, mwanangu aliinua simu juu ili binamu yake asikie kule aliko. Akasimama fundi cherehani wa mtaani kwetu, mwanafunzi wangu wa zamani, akaghani shairi la beti nane alilomtungia marehemu. Wanawake walilia. Katika simu tulimsikia Sikujua naye akilia. Mimi, kaka wa marehemu, nilikaa mstari wa mbele, mkono wa kulia nimeuficha chini ya kanzu, ninahesabu.

Ubeti wa sita, mshororo wa tatu, utao ulikuwa na mizani tisa. Nikahesabu upya. Tisa. Nikampunguzia alama moja moyoni. Arobaini ya dada yangu wa tumbo moja, nami napunguza alama! Niliona haya hata nikashindwa kumpa fundi mkono wa shukrani alipomaliza.

Usiku ule sikulala. Kipande chenyewe kilikuwa hiki: "Mama Sikujua, kwaheri." Mtaani hakuna aliyemwita dada kwa jina lake, alikuwa Mama Sikujua tangu alipojifungua mtoto wa kwanza. Hesabuni wenyewe, ni tisa. Nikaanza kumsahihisha fundi kitandani. Angeweza kusema "Ma" badala ya "Mama". Angeweza kutoa "kwa" akaacha "heri". Au angelikata jina lenyewe, kama alivyokata "nimeona" ikawa "meona" katika ubeti wa pili, tena kwa ustadi. Silabi moja tu iondoke, mizani itimie nane, na kina cha mwisho kibaki palepale. Nikalikata: "Mama Sikuja, kwaheri."

Nikaketi.

Binti mwenyewe alikuwa kwenye simu, ng'ambo ya bahari, na kweli hakuja. Kama fundi angelikata jina kama sheria inavyomruhusu, angemtia mwana maneno hayo kinywani, mbele ya watu, siku ya arobaini ya mama yake. Naamini alilisikia hilo alipokuwa akitunga. Aliliona shimo, akaliacha shairi lake liwe guni mahali pamoja kuliko kumtumbukiza mtoto wa watu. Hakuna aliyekuwa akilia pale aliyejua kwamba ametendewa wema huo. Niliujua mimi, kwa vidole vile vile vilivyonitia aibu. Fundi sijamuuliza hadi leo, wala sitamuuliza. Huenda akasema alikosea kuhesabu.

Nilipomaliza kusimulia, Sikujua alikaa kimya hata nikadhani simu imekatika.

"Rudia, mjomba."

"Nirudie lipi?"

"Lile lake. La tisa."

Nikarudia. Nikamsikia akilitamka polepole, silabi kwa silabi, kama tulivyokuwa tukifanya darasani, na nadhani alikuwa akikunja vidole. Halafu akasema zamu yake inakaribia, kuna kundi la watoto wa shule wanaletwa asubuhi ile, na mmoja wao hakosi kumuuliza Harambe maana yake nini. Akaniomba nimpelekee shairi zima kwa posta, si kwa simu, maana anataka mwandiko wangu.

Nimelinakili jana, beti zote nane, kwa wino mweusi. Sikutia kalamu nyekundu popote. Ubeti wa sita, mshororo wa tatu, nimeuacha na mizani yake tisa.