Jina Lipo, Mwenyewe Hayupo

Neno la kwanza tulilojifunza shuleni, kabla hata ya kujua a, e, i, o, u, lilikuwa "Nipo!" Mwalimu anafungua daftari la mahudhurio, anaita majina, na kila mmoja anapaza sauti. Wajanja wa dawati la nyuma waliweza kuitikia mara mbili, jina lao na la rafiki aliyekwenda kuangua maembe, naye mwalimu kwa kuchoka anaweka tiki zote mbili. Ndugu msomaji, usidhani mchezo ule uliishia shuleni. Umekua, umevaa suruali ndefu, umepata ajira, na siku hizi unachezwa kwenye semina.

Nayajua haya kwa sababu mshika daftari ni mimi. Ni karani katika ofisi ya utumishi ya kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam, tunatengeneza ndoo, mabeseni na viti vya plastiki. Kila panapokuwa na mafunzo, yawe ya usalama, ya kuzima moto au ya huduma ya kwanza, kazi yangu ni kuandaa karatasi ya mahudhurio, kuipitisha, kuikusanya na kuifungia kwenye faili. Mama yangu aliponiuliza nafanya nini hasa huko kazini, nikamweleza. Alicheka mpaka machozi. "Kumbe mwanangu ni monita!"

Monita kweli, sikatai. Ila nimekuja kugundua kwamba karatasi ile inaweza kumlinda mtu au kummaliza, na wengi tunaisaini bila hata kusoma kichwa chake.

Hebu nikuoneshe ilivyokuwa. Safu tano: namba, jina, idara, simu, saini. Basi. Hakuna saa ya kuingia wala ya kutoka. Mtu akisaini saa mbili asubuhi, karatasi inamhesabu yupo mpaka saa kumi jioni, hata kama saa mbili na nusu ameshafika Buguruni na anakula zake supu. Na kwa kuwa kila saini ilikuwa na nauli ya shilingi 10,000 nyuma yake, si unajua tena. "Dada karani, nisainie mshikaji wangu, yuko njiani." Njiani wapi? Yuko kwao Mbagala, shuka mpaka kichwani.

Utawala ukaamua tusaini jioni. Watu wakawa wanakuja jioni. Utawala ukaamua tusaini mara mbili, asubuhi na jioni. Watu wakawa wanakuja mara mbili. Mwisho ikaletwa mashine ya alama za vidole, bosi akatutangazia kwa furaha kwamba kidole hakiazimwi. Ni kweli hakiazimwi. Lakini kidole nacho kina miguu, kikishagusa kile kioo pale mlangoni kinaweza kuondoka na mwenyewe.

Wazee wetu nao walihesabiwa, tena vibaya kuliko sisi. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, kibarua alipewa kadi iliyoitwa kipande, yenye nafasi za siku 30. Akimaliza kazi aliyopimiwa, siku inawekwa alama; asipoimaliza, siku haihesabiki, hata kama jua lote limempiga yeye. Kwa jirani zetu Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande chenye alama zao za vidole na habari za kazi zao, wakakitia kwenye kibati na kukining'iniza shingoni. Aliyetaka kujua mtu huyu yuko wapi na kafanya kazi kwa nani alikuwa bwana. Mwenye shingo hakuulizwa kitu.

Sisemi kwamba karatasi yangu ya semina ni kipande. La hasha. Lakini kila nilipoikusanya nilijiuliza swali lile lile: karatasi hii inamsaidia nani? Jibu nililipata mwaka 2022, na sikulipenda.

Tulikuwa na mafunzo ya siku mbili ya usalama wa mashine. Kati ya waliohudhuria alikuwamo kijana mmoja wa mashine ya kusaga chakavu, wenyewe wanaiita krasha. Kazi yake ni kutumbukiza mabeseni yaliyoharibika, yasagwe, yarudi kuwa malighafi. Siku ya kwanza alifika mapema, akasaini namba 14, akakaa mbele kabisa. Saa tatu na dakika arobaini msimamizi wake akachungulia mlangoni akamwita kwa kidole. Lori limekuja, watu wa kupakua hawatoshi. Hata chai ya saa nne hakuinywa. Alirudi saa sita na dakika kumi, jasho linamtoka, akakuta mkufunzi anafunga somo la asubuhi.

Sasa, kuanzia saa nne na nusu mpaka saa tano na nusu mkufunzi alikuwa amefundisha jambo moja tu: mashine ikikwama, usitie mkono kwa sababu tu umebonyeza kitufe cha kusimamisha. Kazime swichi kuu, ifunge kwa kufuli, ufunguo weka mfukoni mwako, tundika kibao kwamba kuna mtu anafanya kazi. Maana kitufe hata mtu mwingine anaweza kukibonyeza, lakini kufuli lako ni lako.

Baada ya wiki tano krasha ikakwama. Kijana akabonyeza kitufe, mashine ikasimama, akaingiza mkono kutoa kipande cha beseni. Mwenzake upande wa pili, asiyemwona, akadhani umeme ulikatika umerudi. Akawasha.

Sitaeleza zaidi. Alipoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia.

Fidia ilikuwa na njia yake, kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Lililoletwa kwenye kikao cha nidhamu lilikuwa jingine: ajira yake. Aliandikiwa kosa la uzembe, kwamba alifundishwa utaratibu na akaukiuka. Msimamizi akaweka karatasi yangu mezani, akaweka kidole kwenye namba 14. "Si hii hapa saini yake?" Kijana akaitazama ile saini aliyoiandika kwa mkono ambao sasa umefungwa bandeji. Akasema, "Ni yangu." Ukumbi kimya.

Mimi nilikuwa pale kama karani wa kikao, kuandika yanayosemwa. Hapa lazima nikueleze tabia yangu moja, na wewe msomaji wa gazeti hili huenda unayo pia. Mimi huandika. Nikikaa mahali, mkono hauwezi kutulia: naandika nani kaingia, kavaa nini, kasema nini, nikiamini ipo siku vitaingia kwenye hadithi. Siku ile ya mafunzo nilikuwa nimekaa karibu na mlango na sikuwa na karatasi nyingine. Niliandika nyuma ya ile ile ya mahudhurio.

Moyo ulikuwa unanienda mbio. Msimamizi yule ni mtu mzito, nami sikuulizwa. Nikanyoosha mkono, nikasema, "Samahani mwenyekiti, naomba karatasi hiyo igeuzwe."

Ikageuzwa. Ilikuwa imeandikwa kwa penseli: "Na. 14, saa 3:40 ameitwa na msimamizi wa zamu, lori. Karudi 6:10, kaloa jasho." Mwenyekiti akaomba ratiba ya mkufunzi. Wakalinganisha saa na saa. Hakuna aliyepiga makofi, hizi si sinema. Mwenyekiti alivua miwani tu, akamtazama msimamizi kwa muda mrefu.

Kijana hakufukuzwa. Yuko stoo sasa, anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Vidole, bila shaka, havikurudi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape watu wake maelekezo na mafunzo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mtu asiachishwe kazi bila sababu ya haki na utaratibu wa haki. Sheria zote mbili ni nzuri. Lakini kwenye kikao zinahitaji ushahidi, na ushahidi unaokuwa mezani mara nyingi ni karatasi yenye safu tano. Tajiri ataitoa kuthibitisha kwamba alifundisha. Wewe uliyesaini huna nakala. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniomba nimsainie mshikaji wake namwambia wazi: unadhani unampa nauli ya shilingi 10,000, kumbe unamwandikia ushahidi wa kumfukuzisha.

Nilisoma cheti cha utumishi masomo ya jioni. Huko tulifundishwa habari za Mmarekani Donald Kirkpatrick, aliyeandika mwaka 1959 kwamba mafunzo yapimwe kwa mambo manne: waliofundishwa wameyapokeaje, wamejifunza nini, kazini wamebadilika vipi, na matokeo yake ni yapi. Tafuta mahudhurio humo. Hayamo. Kufika ukumbini ni kama kufika stendi. Ni lazima ufike ndiyo upande basi, lakini hakuna aliyewahi kufika Morogoro kwa kukaa stendi.

Tena lugha yetu ilishalijua hilo. Kuhudhuria, hadhara na mhadhiri ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu, mzizi wa kuwepo. Anayefundisha na anayefundishwa wamezaliwa tumbo moja, na wote wawili wanatakiwa wawepo. Nimeona wakufunzi wanaosoma maandishi yanayomulikwa ukutani kuanzia asubuhi mpaka jioni bila kumtazama mtu usoni. Hao karatasi haijawahi kuwauliza kama walihudhuria.

Baada ya kikao kile niliomba nibadilishe karatasi, na safari hii nilisikilizwa. Sasa ina saa ya kuingia na ya kutoka. Mtu akiitwa nje, anaandikwa ameitwa na nani, na aliyemwita anasaini. Utashangaa jinsi malori yalivyopungua tangu wasimamizi waanze kusaini! Aliyekosa sehemu ya somo anaingia kwenye orodha tunayoiita deni. Kiwanda kinadaiwa somo lake, naye hagusi mashine mpaka alipwe. Na mwisho wa mafunzo hatuishii ukumbini. Tunakwenda mbele ya mashine, kila mmoja anazima swichi, anafunga kufuli, anatia ufunguo mfukoni, na mwenzake aliyemwona ndiye anayesaini kwamba kaona. Inachukua muda. Wengine wananung'unika kwamba karani kajifanya inspekta. Nauli yao wanapata, lakini wanaipata jioni na mikono ina grisi.

Sitakudanganya kwamba udanganyifu umekwisha. Wiki iliyopita tu kuna mmoja aliandikisha kwamba ametoka saa kumi kumbe saa nane alikuwa keshafika Tazara. Lakini kwenye lile zoezi la kufuli hakuna aliyethubutu kumsainia mwenzake asiyemwona. Wote wanamjua aliyeko stoo.

Wasomaji wengi wa kurasa hizi ni vijana kama mimi. Kazini tunaingia kama wageni, au tuko field kutoka chuoni, na kwa kuwa ni wadogo tunapewa kazi ndogo: shika karatasi, zungusha, kusanya. Ishike vizuri. Andika saa. Andika nani kaitwa na nani. Usione haya kuandika nyuma kama mbele hapatoshi.

Na siku ukikaa upande wa pili, karatasi ikakufikia na kalamu juu yake, isome kichwa kwanza. Kama kimeandikwa mafunzo ya kuzima mashine na wewe tangu asubuhi hujazima mashine yoyote, weka kalamu chini, uliza mashine iko wapi.