Mgeni Katika Sauna ya Wafini

Nchi ya Ufini iko kaskazini ya Ulaya, baina ya Uswidi na Urusi. Wenyeji wake wapata milioni 5 na nusu, na bafu zao za mvuke, ziitwazo sauna, zakadiriwa kuwa milioni 3. Zimo majumbani, kando ya maziwa, hata katika jengo la Bunge mjini Helsinki. Mwaka 2020 shirika la UNESCO liliiandika desturi hii katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu. Kwa hiyo Mwislamu aendaye huko kwa masomo au kwa kazi, hautapita muda mrefu ila ataalikwa kuingia sauna.

Nami nilialikwa. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Januari, katika nyumba moja karibu na mji wa Tampere, na theluji imefika magotini. Tangu zamani Jumamosi ndiyo siku ya sauna. Hata jina lake kwa Kifini, *lauantai*, asili yake ni neno la watu wa kale wa Skandinavia lenye maana ya siku ya kuoga. Mzee mwenye nyumba aliponiambia kwamba sauna i tayari, moyo wangu ulishtuka, maana nilikwisha sikia kwamba Wafini huingia humo bila ya nguo. Nikaanza kutunga udhuru, niseme naumwa kichwa. Kisha nikajiuliza: Je, nilikimbie kosa moja kwa kuingia katika jingine, nalo ni uwongo? Nikamweleza kweli, ya kuwa dini yetu yamtaka mwanamume ajisitiri tangu kitovuni mpaka magotini, hata mbele ya wanaume wenzake.

Mzee hakucheka wala hakuchukizwa. Alinijibu kuwa kwao hapana alazimishwaye, na kwamba mgeni kujifunga taulo si jambo la ajabu. Basi nikafunga kikoi changu, tukaingia.

Kwanza kuna *pukuhuone*, chumba cha kuvulia nguo. Baada yake mtu huoga kwa maji, kwani si adabu kuingia na jasho la njiani. Ndani ya chumba cha moto mna *lauteet*, mabenchi ya mbao yaliyopangwa kama ngazi. La juu ndilo lenye joto kali, na mgeni aanzie la chini. Pembeni liko *kiuas*, jiko lililojaa mawe, na karibu yake *kiulu*, ndoo ya mbao, pamoja na kata yake iitwayo *kauha*. Joto huwa kama daraja 80 za sentigredi, pengine zaidi.

Mzee alichota maji akayamwaga juu ya mawe. Mvuke ukapanda, ukatukumba masikioni na mabegani. Mvuke huo ndio *löyly*, neno lililo roho ya sauna. Kulitamka, viringa midomo kama usemaye *o*, na ulimi useme *e*. Na *y* yao ni midomo ya *u* na ulimi wa *i*. Zamani neno hili lilikuwa na maana ya pumzi au roho, nalo lina udugu na neno la Kihungari *lélek*, yaani roho. Mwenye kujua Kiarabu hatastaajabu, kwani *ruh*, yaani roho, na *rih*, yaani upepo, hutoka katika shina moja.

Kisha alinipa fungu la matawi mabichi ya mti wa *koivu*, aliloliweka akiba tangu kiangazi, nijipige nalo polepole mwilini. Watu wa magharibi huliita *vihta*, wa mashariki *vasta*, na ubishi wao juu ya jina hili haujesha. Baadaye wenye nguvu hutoka wakajitosa katika *avanto*, tundu lililokatwa katika barafu ya ziwa. Mimi nilitosheka na hewa ya nje.

Mzee alinisimulia kwamba zamani wanawake wa shamba walijifungulia katika sauna, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mahali safi penye maji ya moto, na maiti walioshwa humo. Ndiyo sababu wana methali isemayo kuwa katika sauna mtu akae kama akaavyo kanisani. Ndipo nilipofahamu kwamba kualikwa sauna ni kupewa heshima. Wala si mahali pa kushindana. Mjini Heinola palikuwa na mashindano ya kustahimili joto tangu 1999. Mwaka 2010 mshindani mmoja akafa, na mashindano yakakoma.

Mgeni na azingatie haya: Anywe maji kwa wingi, atoke mara aonapo kizunguzungu, na mwenye ugonjwa wa moyo aulize tabibu kwanza. Akiletewa pombe, akatae kwa upole. Sauna nyingi za umma zina upande wa wanaume na upande wa wanawake, kama ile ya Rajaportti mjini Tampere, iliyopo tangu 1906. Walakini baadhi ya zile mpya huchanganya watu wakiwa na nguo za kuogelea. Basi na aulize kabla ya kulipa.

Wala tusidhani kwamba Uislamu ni mgeni wa jana katika nchi ile. Wafanya biashara wa Kitatari walihamia huko tangu mwisho wa karne ya 19, na jumuiya yao ya Kiislamu iliandikishwa rasmi mwaka 1925.

Tulipotoka, nikaomba mahali pa kuswali Isha. Mzee alinifungulia chumba, akazima redio, akangoja nimalize ndipo akaandaa chakula. Nikawaza: Laiti ningalisema naumwa kichwa, ningalilala nimesitirika, lakini mwenyeji wangu asingalijua lolote juu ya haya tuliyofundishwa, wala mimi nisingalijua wema wake.