Garimoshi Lisilo na Moshi

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Katika shule moja ya msingi iliyo chini ya kilima cha Nyanchwa, kando ya mji wa Kisii, mwalimu mmoja wa Kiswahili aliisadiki methali hiyo akiwa amekwisha kuchelewa.

Muhula wa kwanza wa mwaka 2025 aliwapa wanafunzi wake insha kuhusu safari. Msichana mmoja akaandika kwamba treni ya umeme iliondoka kituoni bila moshi wala kishindo, mithili ya paka anyemeleaye panya. Mwalimu alichukua kalamu nyekundu, akayakata maneno "treni ya umeme" na kuandika juu yake "garimoshi". Pembeni akaongeza: "Hakuna kitu kama hiki." Alama mbili zikapotea. Msichana alisema kwa sauti ya chini kwamba mjomba wake aliyeko Dar es Salaam alimtumia mamake picha ya treni hiyo kwa simu. Darasa likacheka, na mwalimu hakulinyamazisha.

Kosa lake lina chanzo. Gusii haina reli. Ile iliyoanzia Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, ikaishia ziwani. Milima ya Kisii ikabaki kusini, na chai yake ikasafirishwa kwa malori. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa Mei 2017, ilianza kwa injini za dizeli, nazo hutoa moshi. Kwa mtoto wa Nyanchwa, na kwa mwalimu wake vilevile, garimoshi lilikuwa msamiati kabla ya kuwa chombo: lilifundishwa ubaoni pamoja na nomino nyingine za ngeli ya LI-YA.

Agosti mwaka huohuo mwalimu alikwenda Tanzania kuhudhuria harusi ya jamaa yake. Akakata tiketi ya kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, katika njia iliyoanza kubeba abiria tarehe 14 Juni 2024 na kuwafikisha Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huo. Kabla ya kupanda, alitazama mbele ya mabehewa. Juu ya paa la chombo kilichoyavuta, mkono wa chuma ulikuwa umeinuka kuugusa waya. Alimwuliza kijana aliyesimama karibu naye iwapo hilo ndilo garimoshi.

"Hicho ni kichwa cha treni, kaka," kijana akamjibu. "Moshi utoke wapi?"

Kisha akamweleza. Kichwa hicho ni kimoja kati ya 17 vilivyoagizwa kutoka kampuni ya Hyundai Rotem ya Korea Kusini. Umeme wa volti 25,000 huteremka kupitia mkono ule, transfoma huupunguza nguvu, na mota huyazungusha magurudumu. Injini nyingi za dizeli nazo huyazungusha magurudumu kwa umeme. Tofauti ni kwamba hubeba mtambo wa kuuzalisha, pamoja na mafuta na moshi wake.

Pugu ikapita, kisha Soga, Ruvu na Ngerengere. Mwalimu hakuyaona mengi ya nje. Aliyaona maneno manne aliyoyaandika kwa wino mwekundu. Wasemaji wa Kiswahili wa Katanga waliziona treni za umeme tangu miaka ya 1950. Nani basi alikuwa na upungufu wa maarifa, mtoto au mwalimu?

Je, neno garimoshi lifutwe? La hasha. Kalamu, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, asili yake ni utete uliochongwa. Leo hakuna anayedai kwamba kalamu ya plastiki si kalamu. Neno laweza kuishi baada ya kitu kilicholizaa kutoweka. Hata hivyo, uhai wa neno moja hauhalalishi kuliua jingine, sembuse kumnyamazisha aliyelitamka.

Muhula wa tatu ulipoanza, mwalimu aliliomba daftari la msichana. Mbele ya darasa lilelile lililocheka, alikikata kile alichokiandika pembeni, akazirudisha zile alama mbili, na kusema kwamba aliyekosea alikuwa yeye. Neno garimoshi hakulifuta. Aliliacha likae juu ya treni ya umeme, yote mawili yakisomeka.

Msichana aliitazama alama yake mpya, kisha akainua macho.

"Mwalimu," akauliza, "ulikaa dirishani?"