Niligeuza Mchango Kuwa Kodi

Kwa misimu kadhaa nilikuwa mweka hazina wa kamati iliyoandaa tamasha la Desemba mjini kwetu Keroka. Katika kazi hiyo nilikosea, na kosa lenyewe si dogo: nilichukua pesa za wafanyabiashara wenzangu kwa kuwaaibisha, kisha sikuwapa hesabu. Hakuna aliyeniamuru. Mpango niliubuni mwenyewe, nikautetea kikaoni na kuusimamia hadi mwisho. Naungama hadharani kwa sababu swali la kama biashara za mji zichangie sherehe za mji linarudi kila mwaka, Kisii na Nyamira, na wengi wangali wanalijibu kama nilivyolijibu mimi.

Hoja yangu ilikuwa nyepesi. Desemba watu wetu wanarudi nyumbani kutoka Nairobi, Nakuru, Mombasa na ng'ambo. Nyumba za kulala wageni zinajaa, wauza nyama choma hawapumziki, nauli za matatu zinapanda. Tamasha linawafanya wageni wakae mjini siku moja mbili zaidi. Anayevuna, nilisema, achangie mbegu. Kikao kikapiga makofi.

Hadi hapo sikuwa nimekosea. Nilikosea pale nilipopanga viwango. Niliandika kwamba kila duka litoe shilingi 2,000, na kila anayeuza mezani au chini atoe shilingi 500. Hoteli ya ghorofa na kinyozi wa kiti kimoja niliwawekea kiwango kimoja, kwa kuwa wote wana mlango na kufuli. Nikaongeza kwamba majina ya waliotoa na ya wasiotoa yabandikwe ukutani karibu na stendi, kisha yasomwe kwenye kipaza sauti siku ya tamasha. Nilijua watu wetu wanaogopa aibu kuliko deni, nami nikaitumia aibu hiyo kukusanya pesa.

Ningepaswa kuwaelewa watu wa Keroka kuliko mtu yeyote. Mji wetu uko mpakani, upande mmoja Kisii na upande wa pili Nyamira, na tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013 pamekuwa na mvutano juu ya nani akusanye ushuru hapa. Kuna wafanyabiashara waliodaiwa na kaunti moja, kisha wakadaiwa na ya pili kwa biashara ile ile. Mimi mwenyewe nina duka la mbegu na dawa za mifugo, na usumbufu huo naujua. Hata hivyo nilikwenda kwa watu hao hao nikiwa mtoza ushuru wa tatu.

Siku moja nilifika kwa mama aliyekuwa akiuza maparachichi juu ya gunia. Nilimwonyesha orodha. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, ushuru wa soko nimeshalipa asubuhi. Haya maparachichi hata nusu sijauza. Mia tano nitaitoa wapi?" Nilimwambia kwamba kama hana, jina lake litabaki kwenye karatasi hadi siku ya tamasha. Alinyamaza, akafungua fundo la leso, akahesabu noti za hamsini moja moja mpaka zikafika kumi. Nilimkatia risiti. Juu ya risiti ile tulikuwa tumechapisha maneno "Mchango wa hiari".

Wenye umri wangu wanakumbuka miaka ambayo harambee, iliyojenga shule nyingi nchini, iligeuzwa kuwa lazima. Ulienda kwa chifu kutafuta barua, ukaulizwa kwanza risiti ya mchango. Baba yangu alirudi nyumbani mara nyingi akinung'unikia jambo hilo, nami nilikua nikilichukia. Nilipopewa kitabu cha risiti nikafanya lile lile.

Na pesa zilikwenda wapi? Sikuzitia mfukoni. Lakini nilitia sahihi malipo ya mahema na viti vya wageni wa heshima, vyombo vya muziki kutoka mji mwingine, na chakula cha mchana cha waliokuja kuhutubia. Mzee aliyekuja kupiga obokano, kinubi chetu kikubwa chenye nyuzi nane, aliwekwa mwisho wa ratiba, akapiga wakati watu wameanza kuondoka. Tulimpa nauli tu. Tamasha liliitwa la utamaduni, na mwenye utamaduni alipata fungu dogo kuliko wote. Wachongaji wa mawe kutoka Tabaka, ambao kazi zao zimefika masoko ya dunia nzima, tuliwatoza kwa nafasi ya kuweka meza. Baada ya sherehe niliisoma hesabu mbele ya kamati pekee. Kwa wale waliotoa hatukupeleka hata karatasi moja.

Mwaka uliofuata milango ilifungwa. Nikikaribia, mwenye duka alikuwa "ametoka kidogo". Tamasha likapungua mpaka likawa hotuba na mchezo wa mpira. Mimi nikazunguka nikisema watu wetu ni wachoyo na hawaupendi mji wao. Neno hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, maana lilikuwa uongo, na niliowasingizia ndio walionibeba.

Ushahidi kwamba si wachoyo ulikuwa mbele yangu. Timu ya kandanda ya Shabana, iliyoanzishwa mwaka 1980, jina lake limetokana na duka la vifaa vya ujenzi la mjini Kisii. Ilipoteremka kutoka ligi kuu mwaka 2006, mashabiki wake hawakuiacha, na iliporudi mwaka 2023 uwanja wa Gusii ulijaa tena watu wanaoitikia kaulimbiu yao, "Tore Bobe". Mfanyabiashara wa kwetu hutoa akiona anachokitolea ni chake.

Sisemi kwamba moyo wa watu unatosha. Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar linalojulikana kote Afrika, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, ingawa kila Februari hujaza hoteli na migahawa ya Mji Mkongwe. Lilirudi mwaka 2017, lakini somo ni wazi: wanaofaidika wasipotoa, tamasha hukauka. Kwa hiyo bado naamini biashara zina wajibu. Kilichobadilika ni ninavyouelewa wajibu huo.

Katiba ya Kenya ya 2010 imezipa kaunti mamlaka ya leseni za biashara, na imezipa pia shughuli za utamaduni na burudani. Kifungu cha 209 kinaziruhusu kutoza kodi ya burudani, na kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa ila kwa mujibu wa sheria. Mwenye kibanda akishalipa leseni na ushuru wa soko, ameshatoa fungu lake la lazima, na kaunti ndiyo inayopaswa kutenga sehemu yake kwa tamasha. Kamati haina mamlaka ya kumtoza mtu. Ina ruhusa ya kuomba tu, na anayeombwa ana haki ya kukataa bila kuaibishwa.

Na kuomba kuanze kwa wanaovuna zaidi: wenye hoteli, nyumba za wageni, maduka makubwa, sako za matatu, wauza vinywaji. Hao wakae na kamati waseme watatoa nini na wanataka nini, iwe bango, nafasi ya kuuza au jina lao kwenye ratiba. Anayeuza kwenye gunia aachwe auze. Akitaka kutoa, atoe kwa hiari yake. Msanii alipwe kabla ya mahema.

Nimeanza kurekebisha ninachoweza. Nimewarudia wauzaji wadogo niliowakumbuka, nikawaomba radhi mmoja mmoja na kuwarudishia pesa zao kutoka duka langu. Mama wa maparachichi alipokea, akanishukuru, akasema hatachangia tena. Nilimjibu kwamba ana haki. Hesabu za miaka yangu nimeziandika upya, pamoja na malipo yanayonitia aibu, na nimeikabidhi kamati mpya izibandike ukutani karibu na stendi.

Nawe uliyepewa kitabu cha risiti mwaka huu, iwe Keroka, Ogembo, Nyansiongo au Nyamira mjini, usirudie kosa langu. Bandika kwanza hesabu ya mwaka jana, uwape watu muda wa kuisoma na kuiuliza maswali, ndipo upite madukani kuomba ya mwaka huu.